Mtoto Aliyezikwa Bila Wimbo

Jubilate alikuwa akikunja kanga yake ya mwisho aliposikia pikipiki ikizimwa uani. Hakuinuka. Alijua ni Lazaro, kaka yake, amekuja kumrudisha kwao Talatala kama walivyokubaliana kwenye simu. Alijua pia kwamba akitoka mbio kumpokea ataonekana kama mtu aliyekuwa akiisubiri safari hiyo kwa hamu. Hakuwa na hamu. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao mtu akilala nao huamka nao.

"Ugonile, mdogo wangu," Lazaro alisema mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi.

Jubilate aliitikia salamu kwa sauti ndogo, akamsogezea kigoda.

"Umekonda tena," Lazaro alisema huku akiketi. "Mama atanilaumu mimi, utafikiri ndimi ninayekupikia. Shemeji yuko wapi?"

"Shambani, kwenye kakao."

"Anajua kwamba leo ndiyo leo?"

"Nilimwambia jana jioni. Alichukua gitaa lake akaenda kukaa nyuma ya nyumba."

Lazaro alitikisa kichwa, akatazama chini. Alimpenda Tomasi, na hilo ndilo lililofanya safari hii kuwa ngumu. Miaka sita iliyopita, yeye peke yake ndiye aliyemtetea mbele ya baba yao. Mzee Yohana hakutaka hata kusikia. Kijana wa ziwani, alisema, mama yake anafinyanga vyungu, ukoo mzima hauna hata jaruba moja la mpunga. Ana gitaa na sauti tu. "Utakula sauti yake?" alimuuliza binti yake. Naye Jubilate, ambaye hakuwahi kumjibu baba yake maishani, akasema, "Nitakula, baba."

Walikuwa wameonana kwenye mkutano wa kwaya. Yeye alikuwa anaimba sauti ya kwanza, na Tomasi alikuja na wageni kutoka upande wa ziwa. Katikati ya wimbo kijana yule aliinua macho kutoka kwenye nyuzi, akamtazama, akasahau kubadilisha noti. Kwaya nzima ilipotea njia. Watu walicheka, mwalimu wa kwaya akakasirika, lakini Tomasi hakuondoa macho. Jubilate alirudi nyumbani siku ile akiwa ameshaolewa moyoni.

Walioana, wakapata shamba dogo huku Bujonde, wakapanda kakao na mpunga. Mungu akawapa binti, wakamwita Lusungu.

Masika ya mwaka jana kwaya yao ilikwenda Mbeya kurekodi. Jubilate naye alipaswa kwenda, lakini Lusungu alikuwa na mafua, akaona abaki naye. Mafua yaligeuka homa, homa ikageuka degedege. Alimpigia Tomasi mpaka chaji ikaisha. Huko studio walikuwa wameambiwa wazime simu zote. Mvua ilikuwa haijakatika, barabara imejaa maji, hakuna bodaboda aliyekubali kutoka. Jubilate alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa miguu. Kwenye zahanati muuguzi alimpokea mtoto, akamtazama kwa muda, kisha akamfunika uso kwa kanga ileile iliyombeba.

Tomasi alipopata habari alianza safari saa ileile, kwaya yote ikiwa naye, lakini maji yalikuwa yamekata barabara. Walikesha upande wa pili wakiyatazama. Huku nyumbani wazee wakaona mwili hauwezi kusubiri zaidi. Alipofika alikuta kaburi bichi nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Mtoto wa mpiga gitaa na mwimbaji alizikwa na watu wachache, chini ya mvua, bila wimbo hata mmoja.

Tangu siku hiyo Jubilate hakuimba tena. Hakuimba kanisani, hakuimba akipepeta mchele, hata kuguna wimbo hakuguna.

Tomasi aliingia akiwa ameshaoga kisimani, amevaa shati lake jeupe. Alimsalimia Lazaro kwa heshima, mikono miwili, akamuuliza habari za wazee na za mavuno. Kisha macho yake yakaliona begi kitandani, kupitia mlango wa chumba, na maneno yakamwishia.

"Shemeji," alisema, "naomba uniachie mke wangu kidogo nizungumze naye."

"Zungumzeni. Mimi nipo nje."

Walibaki wawili. Tomasi hakukaa. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza, na Jubilate aliona jinsi mikono ile ilivyobadilika. Utomvu wa kakao ulikuwa umeiacha na madoa meusi ambayo sabuni haikuyaweza. Zamani angeishika aichunguze kidole kimoja kimoja. Alitamani hata sasa. Akaiweka mikono yake mwenyewe kwapani.

"Jubi," Tomasi aliita.

Jina hilo alikuwa hajaliita muda mrefu. Siku hizi alimwita Mama Lusungu kama watu wengine, au hakumwita kabisa.

"Usiende leo."

"Leo na kesho zina tofauti gani?"

"Kesho ningekupeleka mwenyewe. Ningeketi na baba, anitukane, nimsikilize. Leo siwezi. Leo nina msiba."

"Msiba wa nani?"

Tomasi alisita. "Wa Veronika, kule karibu na barabara kubwa. Kamtoto kake, Ambrose. Wanazika alasiri hii."

Jubilate alimkumbuka Ambrose. Alimwona juzijuzi tu akijifunza kutembea, amelishika pindo la gauni la mama yake, anaanguka na kuinuka bila kulia. Alikaa kitandani polepole.

"Wamekuita?"

"Baba yake alinifuata shambani asubuhi."

"Na utakwenda."

"Nitakwenda."

Hili nalo alilijua. Baada ya kumzika Lusungu, Tomasi alilitundika gitaa ukutani kwa miezi. Kisha akasikia kuna mtoto amefariki Katumba Songwe, akalishusha, akaenda bila kualikwa. Alisimama pembeni ya kaburi la watu asiowajua, akaimba. Tangu hapo, mtoto akifariki mahali popote karibu, watu humfuata. Alitunga na wimbo. Aliutunga nyuma ya nyumba, mstari kwa mstari, na Jubilate alikuwa akijifunika mto masikioni ili asiusikie. Aliusikia. Aliujua wote.

"Watoto wa watu unawaimbia, Tomasi," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha hata yeye. "Wako alizikwa kimya kama kifaranga."

Tomasi aliyapokea maneno hayo amesimama. Alifumba macho tu.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo maana nakwenda. Wewe ulisimama pale ukasikia majembe peke yake. Mimi nilisimuliwa tu, na bado hayaniishi masikioni. Siwezi kumrudishia Lusungu siku ile. Lakini Veronika naweza kumwekea kitu juu ya ule mlio wa majembe."

"Na mimi umeniwekea nini? Unatoka hapa na gitaa unakwenda kuwafariji wake za watu. Ukirudi huna hata neno moja la kunipa. Tunalala kama wasafiri waliokutana nyumba ya wageni."

"Nilijaribu. Nikigusa nyuzi tu, unatoka nje. Ulisema nikipiga humu ndani utalivunja."

"Ningelivunja kweli."

"Najua." Alivuta pumzi. "Nilizima simu, Jubi. Nilizima simu kwa ajili ya muziki na mwanangu anakufa. Mwaka mzima nasubiri uniambie hivyo, hutaki, unanyamaza tu. Niambie leo. Nichukie mimi. Usiuchukie wimbo, ulikuwa unaimba kabla hujanijua."

"Si kwa sababu yako."

"Ni kwa sababu yangu."

"Nakwambia si kwa sababu yako, Tomasi. Nilikusamehe wewe siku ileile uliyopiga magoti kwenye tope la kaburi. Sikuweza tu kukuambia."

Tomasi alimtazama asielewe. Nje, Lazaro alikohoa, akasogea mbali zaidi na dirisha.

"Nilimwimbia," Jubilate alisema. "Siku ile, njia nzima. Alikuwa anatetemeka mgongoni, nikaona nikinyamaza ataogopa. Nikamtungia palepale, *njia si ndefu, mama, tumekaribia*. Hayo tu, nikiyarudia. Akawa anaitikia kwa kuguna, unakumbuka alivyokuwa anaguna ukimpigia gitaa. Naimba, anaguna. Naimba, anaguna. Halafu akanyamaza."

"Jubi."

"Ngoja nimalize, sitaweza kusema tena. Akanyamaza, nikasema amelala. Nikafurahi. Unasikia? Nilifurahi kwamba sauti yangu imemlaza, kwamba maumivu yamepungua. Nikazidi kuimba ili asiamke. Nikavuka majaruba yote yale, nikavuka daraja, maji yako magotini, naimba. Nimeingia zahanati naimba. Muuguzi ndiye aliyenishika bega, akaniambia, mama, nyamaza sasa."

Alijishika shingo kama mtu anayetafuta mahali panapouma.

"Nilikuwa namwimbia maiti, Tomasi. Sijui ni kwa muda gani. Labda toka darajani, labda kabla. Nikifungua mdomo niimbe, namsikia alivyonyamaza. Sasa niambie nitaimbaje."

Tomasi alipiga hatua, akanyoosha mkono amshike, na Jubilate akainua kiganja kumzuia. Walibaki hivyo, karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Macho ya mume yalijaa, yakamwagika, hakuyafuta. Mke alimtazama na kumpenda, na upendo huo haukumsaidia kitu. Ulikuwa kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika. Unamwona, unamsikia, na maji yako palepale.

"Shemeji," Lazaro aliita kutoka uani, kwa kusitasita. "Samahani. Kuna watu wa msiba wamekufuata. Wanasema mchungaji ameshafika."

Tomasi hakugeuka. "Nikibaki, utabaki?"

"Hapana."

"Nikienda je?"

"Nenda," Jubilate alisema. "Mtoto wa Veronika hana kosa."

Tomasi alilitoa gitaa ukutani, akalivaa begani, akatoka. Jubilate alimsikia akimwambia Lazaro, "Mwendeshe polepole, shemeji," na baada ya hapo hakusikia kitu kingine.

Lazaro alilifunga begi nyuma ya pikipiki kwa mpira. Jubilate aliufunga mlango, akauweka ufunguo chini ya chungu cha maji. Hakwenda nyuma ya nyumba kuaga. Alikwishaaga alfajiri, na hakuwa na nguvu ya kufanya hivyo mara mbili.

Njia ya kutoka kijijini ilikuwa moja tu, nayo ilipita nyumbani kwa Veronika. Lazaro aliwaona watu kwa mbali, wamejaa uani hadi barabarani, akapunguza mwendo, kisha akazima kabisa. Hakuna anayepita kwenye maziko akiwa juu ya pikipiki. Alivua kofia.

"Vumilia kidogo, mdogo wangu," alinong'ona. "Wakishafukia tutaondoka."

Jubilate alishuka, akasimama kando ya barabara, nyuma ya watu wote. Kutokea pale aliliona shimo, dogo mno, kama la kupandia mgomba. Alimwona Veronika ameketi mkekani kati ya wanawake wawili waliomshikilia. Na alimwona Tomasi, shati jeupe, gitaa kifuani.

Mchungaji alimaliza kusali. Jeneza, kasanduku tu, liliteremshwa na mtu mmoja peke yake. Tomasi alianza kupiga.

Jubilate aliujua mwanzo ule. Alingoja sauti. Tomasi alifungua mdomo, akaimba mstari wa kwanza, *hukukaa, lakini ulikuja*. Akaimba wa pili, *tulikuona, tulikushika*. Kwenye mstari wa tatu ndipo huwekwa jina la mtoto. Hapo sauti ilikatika.

Alirudi mwanzo. Vidole vilizunguka tena, vikafika palepale, na mdomo ukabaki wazi bila kitu. Watu walidhani amesahau jina. Mtu mmoja alimnong'oneza, "Ambrose." Tomasi alitikisa kichwa kukubali, akarudi mwanzo mara nyingine, na safari hii hata mstari wa kwanza haukutoka. Jubilate peke yake ndiye aliyejua ni jina gani lililomkaba, na ni nani aliyelitia kooni mwake mchana ule.

Gitaa lilinyamaza. Wanaume walioshika majembe walitazamana. Mmoja akachota udongo, akautupa, na ule mlio ukasikika.

Veronika aliinua kichwa. Hakulia. Alimtazama Tomasi, kisha akatazama shimo, kisha akawatazama watu, uso baada ya uso, kama mtu anayeomba maji na kila mmoja kibuyu chake ni kitupu. Jembe la pili likaanguka.

Jubilate hakukata shauri. Hata baadaye alipojiuliza, hakukumbuka kuamua. Alisikia tu sauti nzito, yenye kutu, isiyofanana na ile iliyowahi kusifiwa makanisani, ikisema *hukukaa, lakini ulikuja*, na ilikuwa inatoka kwake. Lazaro alimshika mkono kwa mshtuko. Halafu akamwachia.

Watu waligeuka, wakampisha. Alianza kutembea. Kutembea huku anaimba kulikuwa kubaya kuliko alivyoogopa. Mgongo wake ulihisi uzito, na miguu ilitaka kusimama. *Tulikuona, tulikushika.* Aliusikia ule ukimya nyuma yake, uleule, haukuondoka. Aliimba nao ukiwepo.

"*Ambrose, jina lako tunalo,*
*hatutaliacha udongoni.*"

Gitaa lilimdaka. Tomasi hakuinua uso, lakini vidole vilimfuata, vikamshika mahali sauti ilipoyumba. Waliporudia, wanawake wakaingia, kisha wanaume, na majembe yakaendelea kufukia chini ya wimbo. Veronika alijikunja akaweka paji la uso mkekani, na kilio chake kikatoka, kirefu.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Jubilate alipiga magoti mkekani. "Pole, mama Ambrose."

Veronika alimshika kiganja. "Ndaga," alimshukuru. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu tena. "Nilikuwepo siku ile ya kwako. Tulisimama tu kwenye mvua. Hakuna aliyemwimbia."

"Najua."

"Basi mwimbieni na yeye sasa. Watu bado wapo."

Jubilate alitikisa kichwa. Alijaribu kusema haifai, huu ni msiba wako, lakini Veronika alikuwa ameshamtazama Tomasi, na Tomasi ameshaelewa. Nyuzi zilianza. Jubilate alifungua mdomo. Safari hii halikutoka hata neno moja. Watu walimngoja kidogo. Kisha bibi mmoja nyuma akaanza bila yeye, na uani pote wakapokea.

"*Lusungu, jina lako tunalo.*"

Lilikuwa limetajwa mara nyingi mwaka ule, kwa pole na kwa huruma, na kila mara lilimchoma. Halikuwahi kutoka vinywani mwa watu wengi kwa pamoja. Alilisikiliza mpaka mwisho. Halikumponya. Lilipita tu ndani yake, kubwa, na halikumuua.

Tomasi alimfuata barabarani. Lazaro aliwaona, akajifanya anakaza mpira wa begi.

"Bado unakwenda," Tomasi alisema.

"Bado nakwenda. Siwezi kulala tena nyumba ile. Nikifungua dirisha naiona migomba."

"Nije kukuchukua lini?"

"Usije kunichukua. Sijui kama nitarudi kuwa mke wako, Tomasi. Sijui nitakuwa nini. Nikikuahidi leo nitakuwa nakudanganya."

Tomasi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea mzigo aliokwisha kuuona ukija. Alinyoosha mkono wenye madoa ya kakao, akagusa kifundo cha mkono wa mkewe kwa ncha za vidole. Jubilate hakuuondoa. Walikaa hivyo mbele ya watu wote, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata walipokuwa wachumba, na hakuna aliyewatazama vibaya.

"Ukiitwa tena," Jubilate alisema, "nipigie. Popote pale. Lazaro atanileta."

"Kuja kusikiliza?"

"Kuja kuimba. Wewe piga gitaa. Umeona mwenyewe leo wimbo ulikushinda."

Midomo ya Tomasi ilicheza kidogo, isifike kwenye tabasamu. "Ulinishinda," alikiri.

Jubilate aliuvuta mkono wake taratibu, akapanda nyuma ya kaka yake. Pikipiki iliwaka. Walipita kati ya mashamba ambako watu walikuwa wakivuna mpunga, migongo imeinama. Koo lilimuuma Jubilate kwa kule kuimba. Lilikuwa limechubuka, kama la mtu aliyeanza kula baada ya ugonjwa mrefu. Alimeza mate, likauma. Mpaka wanaingia Talatala alikuwa bado akimeza, polepole, kuhakikisha kwamba maumivu yale yapo.